Wifi Aliyeomba Majivu

Hajira alikuwa na tabia moja iliyonikera tangu siku ya kwanza kaka yangu Jabiri alipomleta nyumbani Misima: kila kitu lazima apime. Chumvi anapima. Mbegu anapima kwa kifuniko cha chupa. Ukimwambia mvua ya jana ilikuwa kubwa, anakuuliza, "Kubwa kiasi gani?" na hapo ameshatega kopo uani, anachovya kijiti, anakitia alama kwa kisu. Nikamwambia, "Wifi, mvua hatuuziwi dukani, mbona unaipimia ratili?" Akacheka kile kicheko chake cha chini chini, cha mtu anayejua jibu lakini hataki kukuaibisha. Kilikuwa kinanichoma roho kile kicheko.

Mimi ni Faudhia, dada yake Jabiri. Mdomo wangu Misima nzima wanaujua, sina haja ya kuusifu. Nimekaa na Hajira uzio kwa uzio miaka thelathini na moja. Jabiri alipofariki, mtoto wao Sabiri alikuwa ameshahamia Korogwe, mtaa wa Masuguru, anachomelea mageti. Alimwita mama yake akaishi naye, mama akakataa. Akasema kaburi la Jabiri liko Misima, na shamba liko Misima, yeye Masuguru ataenda kutafuta nini? Sabiri aliposhindwa, akamletea mtungi mdogo wa gesi ili mama asihangaike na kuni. Kuanzia siku ile mafiga ya Hajira yakaota nyasi. Sisi tukampa jina, Bibi Gesi. Nililitunga mimi hilo jina, na naomba ulikumbuke, maana litarudi.

Sasa, mwaka ule wa jua kali, alikuja kijana mmoja mtafiti anaitwa Deogratius, kutoka kituo cha utafiti huko Korogwe. Mrefu, mpole, viatu vyeupe kwenye vumbi letu. Alileta punje kwenye mfuko, nyeupe zenye wekundu kidogo, ukizishika ni kama chumvi ya mawe. Akasema zimetokana na wanga wa muhogo na nyuzi za mabaki ya mkonge. Akatueleza kwamba wanga ni sukari zilizoshikana mkono mmoja baada ya mwingine mpaka zikawa mnyororo mrefu, na nyuzi za mkonge vilevile. Kule kituoni wao wanaiunganisha ile minyororo inakuwa wavu, na wavu ule unakamata maji. Kitu chenyewe kinaitwa hidrojeli.

"Muhogo huuhuu?" nikamuuliza.

"Huuhuu mama. Mwingine tumeununua pale Mkata, barabarani."

Akatia kijiko kimoja cha punje kwenye glasi ya maji, akaendelea kuongea. Alipomaliza kuongea, maji hayakuwepo. Glasi imejaa vitu vya kutetemeka, vinang'aa, mtu akisukuma na kidole vinarudi. Fausta, mwalimu wa shule yetu ya msingi, akasema vinafanana na mayai ya chura. Jina likashika hapohapo. Mpaka leo ukisema hidrojeli Misima watakukodolea macho, sema mayai ya chura.

Vuli ile kituo kilipanda robo eka kwenye shamba la Hajira. Walikuja vibarua wao, na kamba zao, na vijiko vyao, hata jembe letu hawakuligusa. Hajira alikuwa nyuma yao na daftari, anaandika. Mvua ikakata wiki mbili na nusu. Mahindi yetu yakasokota majani kama sigara, ile robo eka ikasimama kama haijaambiwa habari. Nilienda mwenyewe nikachimbua na kidole chini ya shina nikayakuta yale mayai, yamejaa maji, baridi. Nilisema Mungu mkubwa.

Basi masika ikikaribia, tukaunda kikundi cha watu thelathini na wawili, kila mtu nusu eka. Deogratius akamfanya Hajira kuwa mkulima kiongozi. Akampa mifuko ya kutugawia na karatasi ya maelekezo. Hajira alitusomea ile karatasi pale kwenye darasa la shule. Chimba shimo. Weka kijiko kimoja cha chai. Changanya na udongo. Weka mbegu mbili. Funika. Mengine yote fanyeni kama kawaida.

Kama kawaida. Jamani.

Kwetu, kawaida ni majivu. Unapopanda hindi Misima unatupia na majivu kidogo shimoni, mchwa wasile mbegu. Hakuna anayefundishwa. Unamkuta mama yako anatembea na mbegu kiunoni na kibuyu cha majivu mkononi, na wewe ukikua unatembea hivyo. Ukimwomba mtu wa Misima akueleze namna ya kupanda mahindi, atakueleza nafasi, atakueleza mbegu, atakueleza mvua, majivu hatayataja, kama ambavyo hatataja kwamba alikwenda shambani amevaa nguo. Deogratius hakuuliza. Sisi hatukusema. Na Hajira hakuwa na majivu, kwa sababu Bibi Gesi hana jiko la kuni. Msimu wa pili huo anapanda bila majivu, mchwa wanamla kidogo, anavumilia, na hata hakumbuki tena kama kuna kitu kimepungua.

Kosa lake yeye lilikuwa jingine. Sisi hapa hatupandi mbegu yote mvua ya kwanza. Nusu tunaificha darini, ya kurudishia kama mvua itatuchezea. Mimi nilimuuliza mbele za watu, "Wifi, tuache akiba?" Akafungua daftari lake la vipimo vya vuli, akahesabu siku, akasema, "Pandeni yote. Haya yanashika maji wiki tatu. Hata mimi napanda yote." Alikuwa ana furaha siku ile. Sijawahi kumwona na furaha vile tangu Jabiri afe. Tukapanda yote.

Mvua ilinyesha siku nne, ikaondoka siku ishirini na sita.

Siku ya kumi na mbili mahindi yangu yalilala. Siku ya kumi na saba nilipita mistari yote nikiyashika moja moja, yanavunjika mkononi kama biskuti. Darini hakuna mbegu. Nilikaa katikati ya shamba nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi na wajukuu wanne. Halafu nikainua macho. Ng'ambo ya uzio, shamba la wifi yangu lilikuwa la kijani.

Nitakueleza ukweli wa kilichonijia, maana nisipokueleza huu hakuna haja ya kueleza mengine. Sikujiuliza kwa nini. Nilikasirika tu. Nilitoka pale shambani moja kwa moja mpaka kwenye mashine ya kusaga, mahali penye watu, nikasema kwa mdomo wangu huu: "Mayai ya chura ya kweli ameyaweka kwake. Sisi katugawia unga wa makopa ya muhogo."

Ikatosha. Kufika adhuhuri lilikuwa limeshakua. Mmoja akasema hakutugawia unga, alitugawia ya kweli lakini anayaita usiku yanahamia kwake. Mwingine akamalizia neno lenyewe, chuma ulete, uchawi wa kuvuta mali ya wenzako. Kwetu Handeni bwana, ukishatajwa kwa chuma ulete, hakuna anayetafuta ushahidi. Watu waliacha kumsalimia. Wanawake waliokuwa wakichota naye maji walianza kwenda saa nyingine. Mtu pekee aliyeendelea kufika kwake alikuwa Mepukori, Mmasai anayechunga upande wa chini, ambaye alimpelekea maziwa kila Ijumaa na kukaa kizingitini bila kuogopa. Tukasema na yeye kalishwa dawa.

Hajira alimwendea Isihaka, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akalia. Akamwambia, "Mwenyekiti, miaka thelathini na moja. Mume wangu kalala hapa. Nipe muda nitafute kilichotokea, nisiondoke hapa na jina hili." Isihaka ni mtu mzuri lakini ana woga wa kuku. Akamwambia, "Mama Sabiri, kuna watu wanataka uondoke kesho. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Ukileta maelezo, nitaitisha mkutano. Usipoleta, mimi sitaweza kuwazuia."

Akaenda Korogwe kwa Deogratius. Hiyo safari alinisimulia baadaye sana, na nitakueleza nilivyoisikia. Alimkuta ofisini, akamweleza. Deogratius akachukua punje za mfuko uleule uliokuja Misima, akatia glasi ya maji, zikavimba vizuri. "Unaona mama? Bidhaa haina tatizo. Ripoti nimeshaipeleka. Tumeandika kwamba wakulima hawakufuata maelekezo."

"Maelekezo gani hawakuyafuata?"

"Hilo mnalijua nyie."

"Njoo uwaambie basi kwamba nilichowapa ndicho ulichonipa. Dakika tano tu, mwanangu."

Akasema mradi umefungwa, hakuna gari. Hajira akaomba mfuko mmoja wa punje, akapewa. Akaondoka.

Aliporudi, asubuhi moja nilimkuta shambani kwangu amepiga magoti, anafukua mashimo yangu, anatia vitu kwenye kikombe. Nikampigia kelele. Akasema, "Wifi, hebu tazama. Yako ni madogo, yana rangi ya kijivu. Yangu ni makubwa, meupe. Yameingiwa na kitu." Nikamwambia atoke kabla sijamwita mtu. Akaondoka na kikombe chake, anatembea huku anakitazama, nusura ajikwae.

Siku ya pili yake, saa nne hivi, naosha vyombo, nikasikia hodi. Hajira, na bakuli mkononi.

"Wifi, naomba majivu."

Hebu fikiria. Mtu anasemwa kijiji kizima kwamba ni mchawi, anakuja kwako kuomba majivu ya jiko lako.

"Ya nini?"

"Nataka kupima kitu. Sina jikoni kwangu, si unajua."

"Mahindi yangu hayakukutosha? Sasa unataka na moto wangu?"

Alinitazama. Akasema, "Faudhia, wewe unanijua." Hakuwahi kuniita jina, siku zote ni wifi. Nilichota sufuria ya maji niliyooshea vyombo nikaimwaga miguuni pake. Akageuka akaenda. Majivu aliyapata kwa Mepukori, alimletea kwenye kibuyu cha maziwa kutoka boma lake. Na mimi kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshapita nyumba saba nikitangaza kwamba amekuja kutaka majivu yangu.

Siku tatu kabla mwezi haujaisha alimwambia Isihaka kwamba amepata. Mkutano ukaitishwa Jumamosi, darasani palepale. Watu walijaa mpaka madirishani. Hajira alisimama mbele, na glasi tatu juu ya meza ya mwalimu, na daftari lake. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa. Hakujitetea hata neno moja. Akasema, "Tazameni tu."

Glasi ya kwanza akatia maji matupu. Ya pili akatia maji na majivu vidole vitatu. Ya tatu maji na majivu kiganja. Kila moja akatia kijiko kimoja cha punje, na kijiko akakifuta kwa kanga kila mara. Tukakaa. Watoto waliokuwa dirishani wakawa wanahesabu kwa sauti. Ya kwanza ikavimba, ikajaa, ikafika mdomoni. Ya pili ikafika nusu ikaishia hapo. Ya tatu, punje zilikaa chini kama wali mbichi, na maji yakabaki juu yamesimama, machafu.

Akachota kwa kijiko maji ya majivu ya ile glasi ya tatu, akayadondoshea kwenye ile ya kwanza, iliyokuwa imejaa. Mayai yale yakaanza kunywea mbele ya macho yetu, yanatema maji.

"Nimerudia siku tisa," akasema. "Kila mara ni hivihivi. Munyu wa majivu unaufunga ule wavu, haukamati maji. Si unga wa makopa. Si uchawi. Ni majivu yetu ya mchwa. Tungejua, mahindi yenu yangesimama kama yangu."

Fausta alikuwa ameziba mdomo na kiganja. Isihaka akasema polepole, "Kumbe majivu." Nikaona nyuso za watu zinalegea. Mwingine karibu yangu akasema, "Loo, masikini." Yule mwanamke alikuwa ameshinda, unanielewa? Ilibaki mtu mmoja tu aseme, "Hajira, tusamehe." Na mtu aliyepaswa kusema ni mimi, maana maneno yalitoka kwangu.

Nikasimama. Wallahi nilipoinuka nilidhani naenda kusema hivyo. Lakini watu wote walinigeukia, na nikaona kwamba nikisema hivyo, kuanzia dakika ile mwongo wa Misima ni mimi, na aliyepita nyumba saba akitangaza ni mimi. Nikasema:

"Na shambani kwako hukuweka majivu."

"Sikuweka."

"Kwa hiyo ulijua. Ulijua ukatuacha tuweke."

"Wifi," akasema, "mimi sina jiko la kuni. Wewe ndiye uliyenipa jina la Bibi Gesi."

Nilijua. Nilijua kabla hajamaliza, nilijua kabla sijasimama. Nikapaza sauti zaidi ili nisimsikie: "Ulijua! Watoto wetu wanakula nini?" Na darasa likalipuka. Ile njaa yote ilikuwa inatafuta mtu, nikaionyesha kwa kidole. Glasi zikapigwa chini. Isihaka alikuwa anapiga meza na mkono, hakuna aliyemsikia. Mepukori alimshika Hajira bega akamtoa kwa mlango wa nyuma.

Usiku ule mahindi yake yalikatwa yote, mabichi, hata kubeba hayajaanza. Sikukata mimi. Lakini panga moja lilikuwa la kwangu, liliazimwa, nami sikuuliza la kazi gani.

Sabiri alikuja na kirikuu, kile kigari cha mizigo, Jumanne. Walipakia kitanda, sanduku, mtungi wa gesi, na makopo yake ya kupimia mvua. Mimi nilikuwa uani kwangu, napepeta mahindi ya kuomba. Hajira alikuja mpaka kwenye uzio, akaweka mfuko chini. "Punje zilizobaki," akasema. "Msitupe, zitawafaa." Akarudi akapanda. Kirikuu kikaondoka.

Shamba lilikuwa la Jabiri, na Jabiri ni ndugu yangu, na Sabiri hakulitaka tena hata kulisikia. Nikalilima mimi. Sema utakavyo.

Vuli iliyofuata nilichukua zile punje nikapanda kule kwake, bila majivu. Mvua ikacheza tena, mahindi yakasimama. Lakini mchwa waliyala theluthi nzima, mistari ya kando yote chali. Kila shina nililookota limeanguka nilikuwa namwona yeye na bakuli lake. Sikuwa nalala vizuri. Nikafunga debe la mahindi, nikapanda basi, nikaenda Masuguru.

Nyumba ya Sabiri ina vyumba viwili na kibaraza. Hajira alinipokea kwa adabu zote, na adabu zenyewe ndizo zilizoniumiza. Akaniita mgeni. "Karibu mgeni, kaa kwenye kiti." Akabandika chai kwenye gesi. Mkamwana wake akatusalimia akajitoa. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, tangu stendi. Nikaanza, "Wifi, mimi siku ile..."

Akanikatiza. "Ulipanda bila majivu?"

"Ndiyo."

"Mchwa je?"

Nikamwambia theluthi. Akatikisa kichwa kama daktari. Akanishika mkono, akanitoa kibarazani. Kulikuwa na makopo ya maziwa ya unga kumi na manane, kila kopo na hindi lake, kila hindi na namba. Mwanamke hana shamba, hana hata hatua mbili za udongo, analima kwenye makopo. Alikuwa ameleta mchwa kwenye kiroba kutoka kando ya mto, majirani wa Masuguru wakamwona mwehu.

"Majivu hayafai shimoni," akasema. "Lakini yakikaa mbali hayana neno. Acha hindi litoe majani matatu. Halafu zungushia majivu juu ya udongo, shubiri moja kutoka kwenye shina, usisogeze zaidi. Mchwa hawavuki, na maji ya mvua hayaupeleki munyu mpaka kwenye mayai, yanauteremsha pembeni. Hili la saba na hili la kumi na moja, tazama." Akaniwekea shubiri yake kwenye kopo nione. Vidole vyake vimekakamaa, vina ukurutu wa majivu.

Nikaanza kulia. Nikasema, "Hajira, nisamehe. Rudi nyumbani. Nitawaambia wote, nitasimama darasani niwaambie kila kitu."

Alimwaga chai iliyopoa, akaniongezea ya moto.

"Hutasema," akasema. Si kwa hasira. "Nakujua Faudhia. Na hata ukisema, wao wameshakata mahindi yangu, hawatapenda kusikia. Wewe waambie hii ya shubiri umegundua wewe. Ukiwaambia ni mimi, hawataifanya, na watoto watalala njaa tena. Umenielewa? Sema ni wewe."

Ningebisha. Mtu mwenye moyo angebisha. Nilikunywa chai yangu.

Nikarudi Misima nikasema ni mimi.

Masika ile watu thelathini na mmoja waliobaki walipanda kwa shubiri, punje wakapewa upya na kituo, maana Deogratius alisikia akapata gari. Tulivuna. Tulivuna mpaka magunia yakakosekana. Akaja na kamera, akanipiga picha kiganja changu kimenyooka kando ya hindi, na ile picha imebandikwa ofisi ya kata: Mbinu ya Faudhia. Nimepewa na fulana. Watu wananiita mwalimu. Ripoti mpya inaeleza habari ya majivu kirefu, kituo kimeigundua, inasema, kwa kushirikiana na wakulima. Jina la Hajira halimo, na kwenye ile ya kwanza, ile ya watu kutofuata maelekezo, jina lake kama mkulima kiongozi halijafutwa.

Mwezi uliopita nilialikwa Korogwe kufundisha. Ukumbi, viti vya plastiki, maji ya chupa. Binti wa kituoni anaitwa Angel alinishika mkono akanipandisha mbele, akanisifu mpaka nikaona aibu. Nikaanza kufundisha kama nilivyozoea. Wavu, munyu, majani matatu, shubiri. Nilikuwa nimefika kwenye shubiri, nimenyoosha vidole, nilipomwona. Mstari wa nne, karibu na dirisha, kanga ya kijani, daftari juu ya goti. Alikuja na kikundi cha kina mama wa Masuguru. Alikuwa anaandika kila neno ninalosema.

Nikanywa maji. Nikaendelea. Nikamaliza, watu wakapiga makofi, na yeye akapiga makofi.

"Kuna swali kwa mwalimu wetu?" Angel akauliza.

Hajira akainua mkono, akasimama. Amezeeka.

"Mwalimu," akasema, "na mtu ambaye hana jiko la kuni, majivu atayapata wapi?"

Watu wakacheka kidogo, wakaona ni swali la mama wa mjini. Walikuwa wananisubiri. Angel alikuwa amenishikia kipaza sauti karibu na mdomo. Nafasi ndiyo ile, watu mia na zaidi, na Deogratius amekaa mbele. Ilikuwa ni kusema neno moja tu.

"Ataomba kwa jirani," nikasema.

Hajira akaliandika kwenye daftari lake, akakaa.